Ombi kwa Rais wa Marzuba Asiondoke Kabla ya Harusi ya Yumna

Sheikhan bin Hamdan,
Mji wa Kale,
Mombasa.
Jumatano, baada ya alasiri.

Kwa Mheshimiwa Rais wa Jamhuri ya Marzuba,
Ikulu,
Ng'ambo ya Bahari.

Mheshimiwa Rais,

MINTARAFU: KUBAKI KWAKO MADARAKANI KWA SIKU THELATHINI

Assalamu alaykum. Kama hii si salamu ya kwenu, pokea heri za mchana. Na barua ikichelewa, kama zinavyochelewa, heri hizo zigeuze mwenyewe zifae saa utakayoipata.

Jina langu limo hapo juu. Nina umri wa miaka sabini na minne, na kwa miaka thelathini na minane nilikuwa mwonja chai hapa Mombasa. Wengi hawaifahamu kazi hiyo, kwa hivyo niieleze kidogo. Chai kabla ya kupelekwa mnadani huonjwa. Mwonjaji hupangiwa bakuli ndogondogo mezani, mia mbili au mia tatu, akavuta kijiko kimoja kimoja kwa sauti ambayo nyumbani ingemtia aibu mbele ya wakwe, akaizungusha chai mdomoni, akaitema, kisha akasema: hii wataipenda watu wa jangwani, hii ni ya watu wa maziwa, hii mrudishieni mwenyewe. Nyinyi Wamarzuba ni watu wa chai nzito yenye rangi ya tofali, isiyotishwa na sukari. Niliijua nchi yenu kwa ulimi kabla sijaiona kwenye ramani, na nilikuwa nikiiheshimu.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu karani wa ubalozi wenu amenihakikishia kuwa mnaye mfasiri, na pia kwa sababu malalamiko yakiandikwa kwa lugha ya kuazima husikika kama shukrani.

Mimi nimestaafu. Mwanangu Kamaludin ana kampuni ndogo huko Shimanzi, kati ya yadi ya makontena na gereji ya malori, inayotia chai kwenye pakiti na kuiuza ng'ambo kwa jina la Chai Hishima. Mimi ni mshauri wake, ingawa hajapata kuniomba ushauri. Balaa ninayotaka kukueleza ilianza kwa ushauri wangu, na nalikiri hilo mapema ili mke wangu, Mwanaesha, asije akalikiri kwa niaba yangu.

Katika muda wa miezi kumi na minne nchi yako imekuwa na viongozi wanne, wewe ukiwa wa nne. Sina neno juu ya jambo hilo. Kila taifa lina haki ya kubadilisha viongozi wake kwa kasi inayolifaa. Ninacholalamikia ni kwamba kila mnapobadilisha kiongozi huko, mimi huku hubadilishiwa sebule. Naeleza kwa utaratibu.

1. Lalamiko la kwanza linamhusu rais wa kwanza, yule mwenye sharubu. Yeye alitia sahihi mkataba na serikali yetu kwamba chai ya Kenya itaingia kwenu bila ushuru. Lilikuwa jambo jema. Kamaludin akapata oda ya kontena zima: katoni elfu mbili, kila moja ina pakiti ishirini na nne. Akaniuliza pakiti iwe na picha gani, kikombe au jani. Hapo ndipo nilipomshauri.

Lazima nikueleze ada ya huku. Ukiingia duka lolote Mombasa, liwe la vitambaa, la dawa au la kinyozi, utaona picha ya rais ukutani. Si kwamba mwenye duka anampenda, wala hamchukii. Ni adabu tu, kama kuvua viatu mlangoni. Rais akiondoka, picha yake hushushwa, ya mwengine hutiwa kwenye fremu ile ile, na mteja aliyekuwa akipimiwa kitambaa huendelea kupimiwa. Katika duka la marehemu baba yangu fremu moja imeshika marais wote tangu uhuru, na hata msumari haujabadilishwa.

Nikadhani dunia nzima ndivyo ilivyo. Nikamwambia Kamaludin, "Watie picha ya rais wao. Watafurahi kuona tunawaheshimu." Akatia. Sharubu zilitoka vizuri mno, hata mpigachapa aliomba abakishiwe nakala moja.

Meli ilipokuwa baharini siku ya kumi na mbili, Bunge lenu lilimwondoa. Kontena lilipofika bandarini kwenu halikufunguliwa. Liliandikiwa kuwa ni bidhaa inayomtukuza mtu aliyeondolewa, likarudishwa Mombasa. Na lilipofika Mombasa, forodha yetu nayo ikasema kuwa chai inayotoka Marzuba ni chai ya kigeni, na chai ya kigeni haiingii Kenya bila kibali maalumu, kwa sababu lazima tuwalinde wakulima wetu. Wakulima wenyewe ndio walioichuma! Wakala wetu wa forodha ni mwanamke hodari aitwaye Beryl, aliyezaliwa Kisumu na kukulia hapa Makupa. Siku tatu alikuwa akipanda na kushuka ngazi za ofisi, kisha akanipigia simu: "Mzee wangu, hii chai yenu imeenda ng'ambo wiki sita tu na tayari imepoteza uraia. Hata mimi nina binamu alikaa huko miaka tisa na akirudi bado anaitwa Mkenya."

Kibali kilipatikana mwishowe. Chai iliandikwa kuwa ni mkimbizi, au neno la karibu na hilo.

2. Lalamiko la pili linamhusu Bibi Rais, aliyekuja baada yake. Huyu alichaguliwa kwa ahadi ya kulinda viwanda vya nyumbani. Akatangaza kuwa chai ya nje itakubaliwa, ila karatasi ya pakiti iwe imetengenezwa Marzuba. Mwanangu si mtu wa kubishana. Aliagiza karatasi kutoka kwenu, akachapisha juu yake picha ya Bibi Rais aliyevaa vipuli vikubwa vya dhahabu, na wanawake kumi na mmoja wanaofanya kazi pale Shimanzi wakaibandika kwa gundi juu ya sharubu. Pakiti elfu arobaini na nane, siku tisa. Gundi iliwaganda vidoleni hata mmoja wao akawa hawezi kufunga kifungo cha mtoto wake.

Usiku mmoja kabla ya kupakia, muungano wa vyama vyake ulivunjika kwa ugomvi juu ya samaki, kama nilivyofahamu, na Jenerali akashika nchi. Amri yake ya tatu ilisema kwamba karatasi ni miti, na miti ni mali ya taifa, kwa hivyo karatasi yote iliyouzwa nje na serikali iliyopita ni msitu uliotoroshwa. Tuliandikiwa barua ya kututaka turudishe msitu. Kamaludin alijibu kwa upole kwamba sisi hatuna msitu, tunacho kipande cha msitu chenye picha ya Bibi, na kimeshabandikwa. Wakauliza ni miti mingapi. Kamaludin akanijia mimi, kwa kuwa nilisoma, nikamwambia aandike kuwa ni mmoja na nusu. Hawakujibu, na mpaka leo sijui kama tulisema wingi au uchache.

3. La tatu ni la Jenerali mwenyewe. Baada ya miezi mitatu alituruhusu, kwa sharti kwamba kila bidhaa inayoingia iwe na picha yake. Hili sisi lilitufurahisha, maana ndilo wazo langu la mwanzo, na nilimkumbusha Kamaludin mara kadhaa. Basi akaja Jenerali juu ya Bibi, Bibi juu ya Sharubu, Jenerali amevaa kofia yenye nembo.

Meli ikaenda. Bandarini kwenu ofisa mmoja makini, ambaye simlaumu, akaichukua pakiti akaipima unene wake. Akaichana kidogo pembeni akakuta kiongozi, akachana tena akakuta kiongozi mwengine. Akaandika kwamba kitu hiki si chai. Ni kitabu cha picha chenye kurasa tatu, nacho kimeambatishwa chai. Vitabu vinavyoingia Marzuba husomwa kwanza na Bodi ya Machapisho. Bodi ikakaa na pakiti yetu wiki sita. Nakala ya ripoti yao ninayo. Wanasema kwamba wahusika ni watatu lakini haifahamiki mhusika mkuu ni yupi. Kwamba kila mhusika humfunika aliyemtangulia pasipo sababu kuelezwa. Na kwamba kisa hakina mwisho. Kwa hayo wakakataa kutoa idhini. Ripoti ilitiwa mhuri siku ile ile Jenerali alipoondoka, kwa hivyo hata wangeikubali tungerudishwa vilevile.

Chai ikarudi mara ya pili. Beryl alipoiona kwenye orodha ya meli alinitumia ujumbe wa maneno mawili: "Mgeni karejea."

4. Ukaingia wewe. Nakupongeza, nimechelewa kidogo, lakini nilitaka kwanza kuona kama utakaa. Ulirudisha mkataba wa Sharubu neno kwa neno, na ukaagiza kuwa pakiti iwe na picha moja tu, ili isiwe kitabu. Kamaludin akaamua kubandua tabaka zote kwanza. Lakini gundi yetu ni nzuri. Ilipobanduliwa, kofia ya Jenerali ilibaki, vipuli vya Bibi vikabaki, na chini kabisa zikatokeza sharubu. Sasa pakiti zote zina mtu mmoja ambaye hajapata kutawala popote. Mpwa wangu alichukua katoni moja akaiweka dukani kwake Makupa kujaribu. Wateja walidhani ni mganga. Wawili waliuliza anapatikana wapi na kama anatibu mgongo.

Ukiuliza kwa nini tusiiuze yote hapa, jibu ni kwamba leseni yake ni ya kuuza nje, na watu wa Mombasa hawaiwezi chai ile. Mtu akinywa kikombe kimoja hulala kesho kutwa. Ukiuliza kwa nini tusiitupe, mwonja chai haulizwi swali hilo. Na hata tungetaka, Kibarani si jaa tena, imepandwa miti. Siku hizi hapa kwetu hata kiongozi aliyeondolewa hana pa kutupwa.

Basi tukakubandika wewe juu ya mtu yule. Ile picha yako unayopunga mkono ukiwa roshanini, kwenye pakiti na kwenye katoni pia. Umekaa vizuri.

5. Lalamiko la tano ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Hayo mengine ningeyavumilia.

Mwenye gudauni la Shimanzi alichoka. Alisema yeye hukodisha nafasi kwa mizigo inayopita, si kwa mizigo inayohamia. Tuliuliza kwengine, na kila gudauni lilikuwa limeshasikia habari ya katoni zinazoenda na kurudi. Wanaziona kama zina mkosi. Kwa hivyo katoni elfu mbili zilipakiwa kwenye lori mpaka mwisho wa barabara, na kutoka hapo, kwa kuwa kichochoro chetu hakipitishi hata gari dogo, zikaletwa kwa mikokoteni siku mbili, zikaingia nyumbani kwangu. Zimejaa daka la mlangoni, zimejaa ukumbi, zimejaa sebule mpaka chini ya boriti, na ngazini zimebakisha njia ya mtu mmoja mwembamba. Mimi si mwembamba. Kila upande unaogeuka wewe unapunga mkono.

Mjukuu wangu Yumna, binti wa Kamaludin, ameposwa na kijana mwema anayeitwa Hussam. Harusi ilikuwa iwe baada ya Idi. Ikaahirishwa Jenerali alipoingia, kwa sababu Kamaludin alikuwa akishughulika na msitu. Ikaahirishwa tena ulipoingia wewe, kwa sababu nyumba ilijaa. Sasa Hussam amepata kazi Maskati na ataondoka baada ya wiki tano. Mama yake alikuja kuzungumza. Hatukuwa na pa kumkalisha ila juu ya katoni tuliyoitandika kitambaa. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akasema, "Mashaallah, nyumba yenu haikosi wageni. Na wote wanaume." Kisha, akiwa anaondoka, akamwambia Mwanaesha kwa sauti ya chini ambayo niliisikia ngazini: "Dada, mara mbili tumesubiri kwa hishima. Mara ya tatu sisi tutabisha mlango mwengine."

Nilishauri ukumbi wa kukodi. Mwanaesha alinitazama hata nikajuta. Katika sebule ile amepambwa yeye, amepambwa mama yake na nyanya yake, na binti zetu watatu. Bibi harusi wa nyumba hii hupambwa nyumba hii.

Lakini liko jambo jengine, nalo ni la kitaalamu. Chai hunyonya harufu. Ukiiweka karibu na sabuni, huwa sabuni. Ukiiweka karibu na samaki, usimkaribishe mtu. Ndiyo maana ghala la chai huwa halina kitu chengine. Nyumba ya harusi huanza kunuka siku saba kabla: vitunguu vya biriani vinakaangwa, udi unafukizwa, asumini na vikuba vya majani ya kunukia vinatungwa, hina inakorogwa. Juzi nilifungua pakiti moja kwa siri, nikaichemsha na kuionja. Ina udi. Kwa mbali sana, mwisho wa ulimi, lakini ina udi. Harusi ikianza chai ikiwa bado ndani, nitawapelekea Wamarzuba katoni elfu mbili za biriani. Na tukingojea chai itoke bila harusi, Yumna amekosa mume.

Yumna mwenyewe ni msichana mpole, lakini Jumapili alikuja akaketi nami pale penye nafasi, akaniuliza, "Babu, mimi naolewa na Hussam ama naolewa na serikali?" Nilimweleza kidogo historia ya ushuru wa forodha, akaondoka katikati.

Na Mwanaesha, ambaye tumeishi naye miaka arobaini na sita, amesema mbele ya mashahidi: "Sheikhan, nyumba hini kuna mmoja atatoka. Ama huyo anayepunga mkono, ama mimi niende kwa dada yangu Makupa." Nami nikampa siku tano, yaani nilimwomba.

Sasa, Mheshimiwa, nije kwenye ombi.

Kontena linatakiwa kupakiwa Jumatatu. Kampuni ya meli, ambayo imelibeba mara mbili na kulirudisha mara mbili, inasema haitalibeba mara ya tatu mpaka ipate hakikisho la maandishi kwamba serikali itakayolipokea ndiyo iliyolialika. Safari ni siku kumi na tisa. Bandarini kwenu, mzigo usipohesabiwa kitabu, siku kumi na moja. Jumla ni siku thelathini. Kwa hivyo nakuomba uniandikie barua fupi, hata mistari miwili, yenye mhuri, kwamba utabaki madarakani siku thelathini kuanzia Jumatatu.

Sisi si watu wa kuingilia mambo ya ndani ya nchi nyengine. Siku ya thelathini na moja uko huru kabisa.

Najua utasema kwamba jambo hilo haliko mikononi mwako. Nimelifikiria. Viongozi wengi huondolewa wakiwa safarini, kwa hivyo tafadhali usisafiri. Kama kuna mkutano, mtume makamu wako, hilo litakuwa na faida mbili. Ile roshani ipunguze. Usibadilishe bei ya mkate, na usiseme neno lolote juu ya samaki. Wakikuwekea uchaguzi wa ghafla, kubali kwa furaha, kisha peleka kesi mahakamani kuhusu rangi ya masanduku ya kura. Huku kwetu tunao mawakili ambao wangeweza kuifikisha kesi hiyo siku ya thelathini wakiwa bado wanasalimiana na jaji. Na ikiwa hapana budi uondoke, je, una ndugu anayefanana nawe? Hatuhitaji awe pacha. Kwa umbali wa ofisa wa forodha inatosha.

Tena nina jambo la kukupa, nisije nikawa mwombaji mtupu. Mbele ya nyumba yangu pana baraza ya mawe ambayo sisi wazee wanne huketi kila jioni kwa miaka thelathini na moja. Baraza la mji limejaribu kututoa, wahandisi wa maji taka wamejaribu, na mtalii mmoja aliyetaka kupiga picha ya mlango bila sisi alijaribu saa mbili nzima. Hatujaondoka. Ukitaka, tuko tayari kuja sote wanne tukaketi mlangoni pa ikulu yako mwezi mmoja. Hatutafanya chochote. Lakini atakayetaka kuingia kukupindua itabidi kwanza atusalimie, na salamu zetu ni ndefu.

Msikitini pia tunakuombea. Imamu alituuliza huyu tunayemtaja kila Ijumaa ni nani, na anaumwa nini. Nikamwambia bado haumwi, ila yuko kwenye kazi mbaya.

Ruhusa yako nimalizie kwa fikira moja tu, maana nimezoea kufundisha vijana wa mnadani. Mchai ukipandwa vyema hukaa ardhini miaka hamsini na zaidi. Mvua haijui nani ametawala, mchumaji hajui, na ulimi wa mnywaji wa Marzuba, naapa, haujui. Umependa chai ile ile nzito tangu mimi kijana. Katikati ya hao kuna kiti kimoja, na kila anayekikalia huhisi lazima avunje alichotia sahihi mwenzake, ili ijulikane amefika. Mimi ningekuwa na uwezo ningeomba mtu mmoja tu akalie kiti hicho daima dawamu, awe mwema au awe vyovyote, ili mradi asibadilike. Kubadilika ndiko kunakotuua sisi wafanyabiashara. Lakini naomba siku thelathini tu.

Wasalimie nyumbani kwako wote, wakubwa kwa wadogo. Msalimie Sharubu, popote alipo, mwambie picha yake ilipendwa. Bibi Rais mpe pole ya samaki. Jenerali, kama anaruhusiwa kupokea salamu, mpelekee. Wasalimie Bodi ya Machapisho. Ripoti yao imeandikwa kwa ufasaha. Mwanaesha anasalimu, ingawa kwa kifupi. Kamaludin, Yumna, Beryl na wanawake kumi na mmoja wa Shimanzi wanakusalimu, na vidole vyao vimepona.

Nabaki mimi, niliyezungukwa nawe pande zote,

Sheikhan bin Hamdan.

Nyongeza: Bahasha ilikuwa imeshatiwa gundi, nimeichana tena. Kamaludin ameingia sasa hivi na simu mkononi, akinisomea habari za kwenu. Nimeelewa ya kwamba leo asubuhi Bunge limekutangaza kuwa rais wa maisha. Kampuni ya meli tumewapigia mara moja. Wameridhika kabisa, wanasema katika miaka yao yote hawajapata kuona hakikisho kama hilo. Mwanaesha alikuwa ameshaanza kupiga kigelegele. Kisha Kamaludin akasoma aya ya pili, kwamba daktari wako amekukataza chai kwa ajili ya tumbo, na kwa kuwa lenye kumdhuru baba haliwezi kuwafaa watoto, umeipiga marufuku chai nchini kwa muda wote wa uongozi wako. Kwa hivyo naomba yote niliyoandika hapo juu uyahesabu kuwa hayakuandikwa. Kubadilika nimekusingizia bure. Kumbe ni jambo lenye afya. Safiri. Mabaraza ya kimataifa yanakuhitaji. Na juu ya samaki sema lote lililo moyoni mwako, usijizuie. Mimi sina haraka, lakini mama yake Hussam anayo, na mpambaji wa bibi harusi anataka kujulishwa wiki mbili kabla. Basi nitashukuru ukinitajia tarehe ya kuondoka kwako, hata ya kukisia.